Farasi wa Mabaka kwa Zizi la Karen: Je, Kweli Anafanya Kila Kitu?

Swali: Nina zizi dogo la kufundishia watoto na watu wazima kupanda farasi huku Karen, Nairobi. Farasi wangu wote ni wastaafu wa mbio za Ngong. Sasa kuna familia inayohama nchini inaniuzia farasi jike wa mabaka meusi na meupe, umri miaka saba, urefu sentimita 148, manyoya marefu yamemfunika mpaka kwatoni. Wanasema ni Gypsy Cob na kwamba anafanya kila kitu: dresaji (farasi kuonyesha miondoko ya ustadi uwanjani mbele ya hakimu), kuruka viunzi, safari za msituni, kuvuta kigari, hata kubeba watoto wenye ulemavu. Mume wangu alipomwona alisema ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; eti ni mvuta mkokoteni aliyevaa soksi. Nani mkweli? Na nikimnunua, niyanyoe hayo manyoya au niyaache?

Jibu: Dada yangu, wote wawili wana ukweli wao, ila mumeo ameukaribia zaidi bila kujua. Huyo kweli ni farasi wa mkokoteni, na mkokoteni ndio uliompa sifa zote anazosifiwa nazo. Muuzaji naye hajadanganya kusema anafanya kila kitu. Alichonyamazia ni kiwango. Kobu, yaani huyo Cob wenu, hufanya mambo mengi kwa kiasi cha kuridhisha, na machache sana kwa kiwango cha mashindano makubwa. Zizi la mtu anayetafuta medali litaona hiyo ni hasara. Zizi la kufundishia kama lako, lililojaa farasi wa mbio wanaoshtuka mfuko wa plastiki ukipeperuka, litaona ndicho kitu kilichokosekana.

Jamii hii ya farasi ilitokana na Waromani (ndio watu walioitwa Gypsy) na jamii nyingine za Wasafiri wa Uingereza na Ireland, ambao kuanzia katikati ya karne ya 19 walianza kuishi katika nyumba za magurudumu zinazovutwa na farasi. Walichanganya damu ya farasi wazito kama Shire na Clydesdale na ya farasi wadogo wa milimani kama Dales. Fikiria walichohitaji. Farasi awe na nguvu za kuvuta nyumba nzima, aweze kwenda troti, yaani mwendo wa mchakamchaka, barabarani kwa saa nyingi, ashibe nyasi za kando ya njia, na mtoto akipita chini ya tumbo lake asiinue mguu. Mwenye hasira hakuwa na nafasi, kwa kuwa familia ilikuwa inalala nyuma yake. Hadi leo, kila Juni, kwenye mnada wa Appleby kaskazini mwa Uingereza, wenye farasi huwaosha katika mto Eden kisha huwapitisha troti barabarani mbele ya wanunuzi. Kinachouzwa pale ni troti na tabia.

Koo zao zilihifadhiwa kwa mdomo kwa muda mrefu. Chama cha kwanza cha kuwaandikisha kiliundwa Marekani mwaka 1996, na huko wanaitwa Gypsy Vanner. Kwa hiyo kama huyo jike hana karatasi, usishtuke, lakini pia usilipie jina. Mabaka peke yake hayathibitishi kitu. Farasi wa jamii nyingi duniani wana mabaka hayohayo, na wapo kobu wa rangi moja.

Kama bado mumeo ana shaka kuhusu akili za farasi wa aina hii, mwambie aangalie gwaride la Mfalme wa Uingereza. Wale farasi wakubwa, mara nyingi wa mabaka, wanaobeba ngoma za fedha ni ndugu wa karibu wa kobu. Wengi ni machotara wa Shire au Clydesdale. Mpiga ngoma ana fimbo mikononi, hivyo hatamu hufungwa miguuni pake na farasi huongozwa kwa miguu katikati ya tarumbeta na umati. Farasi mwoga hawezi kufundishwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye michezo yenyewe, na nianze na dresaji, kwa sababu ndiko kobu huwashangaza watu. Shingo yake imeinuka kiasili, mgongo mfupi, nyuma ana misuli mizito, na troti yake ina mdundo usiobadilika. Mdundo ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo hakimu wa dresaji hutafuta. Katika majaribio ya viwango vya chini, kwenye uwanja wa mita 20 kwa 40, kobu aliyefundishwa vizuri anaweza kumshinda farasi wa mbio anayesonga kwa uzuri zaidi lakini ameshika lijamu kwa wasiwasi.

Tatizo huja kwenye kenta, mwendo wa mbio laini ulio juu ya troti. Mababu zake hawakuombwa kenta. Farasi anayevuta nyumba akianza kenta, vyombo vyote ndani vinamwagika. Mabega yake yamesimama wima kuliko ya farasi wa mbio na uzito wake umeegemea mbele. Mpandaji asiyejua humsukuma troti iwe kasi zaidi na zaidi mpaka farasi aangukie kwenye kenta kama bahati, kisha baada ya nusu duara anarudi troti. Ukimwona muuzaji anafanya hivyo, usimkatae farasi kwa hilo peke yake. Lakini ujue una kazi ya miezi kadhaa: kupanda vilima kwa mwendo wa kutembea, kupita juu ya magogo yaliyolazwa chini, na kubadilisha mwendo mara nyingi, hasa kutoka kutembea moja kwa moja hadi kenta, hatua chache tu kisha kumpumzisha. Kenta ya kobu ni suala la nguvu za mgongo na nyuma. Kelele za mpandaji haziisaidii.

Jambo jingine linalohusu wanafunzi wako. Wamejifunza kwa farasi wa mbio, na farasi wa mbio hufundisha mtu kuzuia. Kobu atawafundisha kuomba. Watoto wengi wataanza kumpiga visigino kila hatua, naye atajifunza kuvipuuza, na baada ya mwezi utakuwa na kochi lenye miguu minne. Mwagize mwalimu wako: mguso wa mguu, mara moja, na farasi ajibu, asipojibu, fimbo iguse nyuma ya mguu wa mpandaji, basi. Vipindi viwe vifupi. Na mtoe nje ya uwanja mara kwa mara, kwa sababu kobu huchoshwa na duara kuliko anavyochoshwa na kazi.

Kuruka viunzi anaweza, na wengi hupenda. Kwa sentimita 60 hadi 80 atakuwa mwalimu mzuri wa watoto: hakimbilii kiunzi, na mtoto akipoteza mizani katikati ya hewa yeye hutua na kusimama. Zaidi ya hapo sipendi. Kila kutua kunapeleka uzito wa karibu nusu tani au zaidi kwenye miguu ya mbele, na mnajua ardhi ya Karen inavyokuwa Februari kabla mvua haijanyesha. Wapo kobu wanaoruka juu zaidi, nami siwasifu wenye farasi hao.

Mchezo ninaokukataza ni ule wa siku tatu unaounganisha dresaji, mbio za nyikani na viunzi, ukitoka viwango vya chini kabisa. Kwenye kilele chake farasi hukimbia mita 570 kwa dakika kwa dakika kumi hivi huku akiruka magogo. Si suala la ushujaa. Mwili mzito wenye misuli minene hutengeneza joto jingi, na ngozi ya kulitolea nje ni ndogo ikilinganishwa na uzito. Ongeza manyoya mazito. Nairobi si Mombasa, hilo nalikubali, na baridi yenu ya Julai atafurahia kuliko wewe. Lakini mko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, na jua la saa saba mchana halina huruma. Mbio ndefu za nyikani ziachie farasi wa Kiarabu na machotara wao. Polo sitaitaja hata.

Joto lina kipimo, usibahatishe. Farasi aliyepumzika ana mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Madaktari wa mashindano ya masafa marefu hutumia 64 kama mpaka: farasi lazima ashuke hapo ndani ya dakika 15 au 20 ndipo aruhusiwe kuendelea. Mfundishe saisi wako kusikiliza nyuma ya kiwiko cha kushoto kwa saa ya mkononi. Kobu akibaki juu ya 64 baada ya somo la kawaida la watoto, basi amenenepa, au hajazoea, au mgonjwa. Mmwagie maji mengi mfululizo huku akitembea. Wapo wazee mazizini wanaoshikilia kwamba maji baridi hukaza misuli. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kuwa hayamdhuru farasi mwenye joto.

Safari za msituni na kigari: ndiyo, na ndiyo. Kwenye njia nyembamba yenye nyani na bodaboda, hutapata mwenzi bora. Kigari anakipenda kwa damu, ila hakikisha aliwahi kufundishwa kweli. Kuwa na umbo la kuvuta si sawa na kujua kuvuta, na farasi anayeona magurudumu nyuma yake kwa mara ya kwanza anaweza kuua mtu.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, nina la kusema zaidi, maana hapa muuzaji amesema kweli nusu. Urefu wa sentimita 148 ni mzuri. Msaidizi anayetembea kando anaweza kumshika mtoto bila kunyoosha mkono juu ya kichwa. Utulivu wake ni hazina. Mwendo wake wa kutembea husukuma nyonga za mpandaji mbele, nyuma na pembeni karibu kama mtu anavyotembea kwa miguu yake mwenyewe, na ndiyo sababu wataalamu wa tiba ya viungo huwatumia farasi. Lakini mgongo wa kobu ni mpana sana. Kwa mtoto mwenye misuli legevu, upana huo ni kiti salama. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya ndani ya mapaja imekaza, upana huohuo unamchana. Huyo anahitaji farasi mwembamba, na pengine unaye tayari kati ya wastaafu wako mmoja mzee mtulivu. Usimpandishe mtoto yeyote wa aina hii kabla mtaalamu wake wa tiba hajaja kumwona farasi kwa macho yake.

Upana huo utakugusa mfukoni pia. Hakuna tandiko hata moja ulilonalo litakalomfaa. Matandiko ya farasi wa mbio ni membamba. Yatambana mabega, naye ataanza kukataa kenta, na wewe utadhani ni uvivu. Mwinuko wa mabega yake ni bapa, hivyo tandiko huzunguka mpandaji anapopanda kutoka chini. Watu wapande kutoka kwenye kigoda. Weka bei ya tandiko pana ndani ya bei ya farasi tangu mwanzo. Lijamu nalo liangaliwe: kobu wengi wana ulimi mnene na kaakaa la chini, kwa hiyo lijamu nene ambalo watu hudhani ni la huruma huwa limejaza mdomo wote. Jembamba kiasi huwa starehe zaidi kwake.

Watu wazima wazito mnaowakataa sasa huenda akawabeba, lakini kwa hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Jike wa kilo 550 atabeba kilo 110 zote pamoja, yaani mtu wa takriban kilo 100. Ila hesabu ifanywe kwa uzito anaopaswa kuwa nao. Kobu aliyenenepa hadi kilo 620 hajapata ruhusa ya kubeba zaidi. Tayari amebeba kilo 70 za mafuta kabla mtu hajapanda.

Na atanenepa. Huyu aliumbwa kwa nyasi haba za kando ya barabara, nawe una malisho ya nyasi za kikuyu zinazofumuka baada ya mvua. Hatari ya kwanza ni kuvimba kwa ndani ya kwato, ugonjwa unaoweza kummaliza. Mpunguzie muda wa malisho, mpe nyasi kavu za boma rhodes kwa kipimo, na nafaka asahau. Ya pili wengi hawaijui: kikuyu ina oksaleti nyingi zinazofunga kalisi, na pumba ambayo masaisi hupenda kuwapa farasi jioni imejaa fosforasi. Viwili hivyo pamoja hunyonya kalisi kutoka kwenye mifupa, hadi uso wa farasi uvimbe. Lusani kidogo na chumvi zenye kalisi, pumba kwaheri. Hilo lifanye kwa farasi wako wote, si huyu tu.

Kabla ya kulipa, mwite daktari wa mifugo asiye rafiki wa muuzaji. Aanze na miguu, na manyoya yaloweshwe kwanza ili vidole vifike kwenye ngozi. Farasi wazito wenye manyoya miguuni hupata ugonjwa wa limfu ambao huvimbisha miguu taratibu, ngozi ikakunjamana na kuota vinundu nyuma ya kifundo. Hauna tiba, unazuiwa kasi tu. Akiwa na mikunjo migumu akiwa na miaka saba, mwache. Akiwa anapigapiga miguu chini na kujikuna, huenda ni utitiri. Huo unatibika, ingawa si kwa dawa ya minyoo ya kumeza peke yake, kwa kuwa aina hii hula ngozi ya juu. Daktari avute pia nywele chache za mkia zenye mizizi, zipimwe jeni ya ugonjwa wa sukari kujaa misulini, unaojulikana kwa kifupi PSSM1. Mwenye jeni hiyo hukaza misuli akifanya kazi baada ya mapumziko na nafaka. Anaweza kuishi vizuri kwa chakula sahihi na mazoezi ya kila siku, lakini hayo ujue kabla, na bei ijue pia.

Kisha mjaribu mwenyewe. Fika mapema bila kutangaza saa kamili, umwone akikamatwa malishoni. Muuzaji ampande kwanza. Halafu wewe, halafu mwanafunzi wako asiye na ujuzi, na mwende nje hadi barabarani matatu zinapopita. Rudi kesho yake uone kama anatembea sawa, kwa sababu farasi aliyechoka jana husema leo.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika haina upendeleo wa rangi. Iwe ya kila mwaka, na jioni visubi vinapotoka awe ndani. Pua nyeupe yenye ngozi ya waridi ipakwe mafuta ya zinki dhidi ya jua, na kope za waridi zikaguliwe, kwani huko ndiko saratani ya ngozi huanzia.

Manyoya: nyoa. Najua ndiyo yaliyokuvutia, lakini kwa mazingira yetu yanaficha kupe, na kupe huleta homa inayoharibu damu ya farasi. Yakikaa na tope la masika, ngozi chini yake huoza. Wala hakimu wa dresaji pale uwanja wa maonyesho wa Jamhuri hatakukata alama kwa miguu mitupu. Ukitaka picha nzuri, yataota tena baada ya miezi. Jambo moja tu nakusihi: saisi asimwogeshe dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi. Ng'ombe hana shida nayo. Kwa farasi husimamisha utumbo, na msokoto wa tumbo unaofuata unaweza kumuua. Muulize daktari dawa iliyo salama kwa farasi. Anza kunyoa mwishoni mwa Februari, kabla mvua hazijashika, kwa mashine isiyonguruma, na kama hajazoea basi mguu mmoja kwa siku.